Chuo kidogo binafsi cha ufundi au chuo cha jamii? Ninaomba ushauri kabla ya kutia saini

Swali

Ndugu zangu, habari zenu. Ninaishi Ohio, Marekani, pamoja na familia yangu, nina kadi ya ukaazi wa kudumu, na kwa sasa ninafanya kazi ya usaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Nimeamua kusomea uuguzi. Lengo langu la mwisho ni kuwa muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, lakini kwa kipato chetu na umri wa watoto wetu ninajua kwamba itanilazimu kupitia kwanza ngazi ya LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, ambayo ni ngazi ya chini ya RN, nifanye kazi kwa leseni hiyo, kisha niendelee mbele.

Nimetembelea vyuo viwili. Cha kwanza ni chuo kidogo cha binafsi kinachofundisha kozi chache tu za afya. Darasa lao halifiki wanafunzi ishirini, walimu wanawajua wanafunzi kwa majina, ratiba ni ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kozi ya LPN inakamilika kwa takribani mwaka mmoja. Niliyezungumza naye alinieleza kila kitu mahali pamoja: ada, mkopo, sare, mafunzo ya vitendo hospitalini. Ada yao, hata hivyo, ni kubwa mara kadhaa kuliko ya chuo cha pili, na tangu nilipoacha namba yangu ya simu wamekuwa wakinipigia mara kwa mara wakinihimiza nitie saini kabla nafasi hazijajaa.

Cha pili ni chuo cha jamii cha hapa kwetu, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Ada yake ni nafuu, nacho kinaheshimika, lakini nilizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, nikaambiwa nifanye mtihani wa kupimwa Kiingereza na hesabu, nikaambiwa kuna masomo ya awali ya kukamilisha kabla hata ya kuomba nafasi ya uuguzi, na kwamba baada ya hapo bado kuna ushindani wa nafasi. Niliondoka nikiwa na vipeperushi vingi bila kujua hatua ya kwanza ni ipi.

Ninachotaka kufahamu ni kama tofauti hiyo ya ada inanunua kitu cha kweli au la. Je, mtu akisoma katika chuo kidogo binafsi anapata elimu bora zaidi, au anapata tu njia fupi ambayo baadaye itamgharimu? Ninaomba hasa majibu ya waliopita njia hizi au wanaofanya kazi ndani ya vyuo hivyo.

Jibu la 1

Dada yangu, mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu, na nilisoma katika chuo kidogo binafsi. Nitakitetea chuo cha aina hiyo kwa sababu kilinifaa, halafu nitakueleza kwa nini huenda mambo yakawa tofauti kwako.

Ulichokiona katika chuo kidogo si mapambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanasosholojia James Rosenbaum wa Chuo Kikuu cha Northwestern pamoja na wenzake walilinganisha vyuo binafsi vya kazi na vyuo vya jamii, na walichokiona kinafanana sana na maelezo yako. Vyuo binafsi vilikuwa vimemwondolea mwanafunzi mzigo wa kuijua mifumo ya chuo. Havikumwachia achague miongoni mwa mamia ya masomo, bali vilimpa programu iliyokwisha kupangwa. Vikao vya ushauri vilikuwa vya lazima, si vya kutafutwa. Masomo yaliwekwa katika saa zilizofuatana ili mtu aweze kupanga kazi na malezi ya watoto mwaka mzima. Na kumtafutia mhitimu kazi kulihesabiwa kuwa ni wajibu wa chuo. Kwa mtu ambaye wazazi wake hawakusoma katika nchi hii, na ambaye hana jamaa wa kumwambia kwamba fomu fulani hujazwa kabla ya nyingine, msaada huo una thamani kubwa mno. Wengi wanaoacha masomo hawaachi kwa kushindwa darasani. Wanaacha kwa sababu walichukua somo lisilohitajika, au ratiba ya muhula wa pili iligongana na zamu zao za kazi, wala hakukuwa na mtu aliyeliona hilo mapema.

Takwimu za serikali ya Marekani nazo zinaonyesha tofauti. Katika vyuo vya umma vya miaka miwili, takribani wanafunzi 3 kati ya 10 hukamilisha programu zao ndani ya muda unaohesabiwa kuwa wa kawaida pamoja na nusu yake. Katika vyuo vya kibiashara, yaani vyuo binafsi vinavyotafuta faida, vya ngazi hiyohiyo ni takribani 6 kati ya 10.

Sasa, kuhusu kazi yangu mimi. Sheria ya shirikisho inamtaka kila anayegusa gesi za majokofu awe na cheti cha kifungu cha 608 cha mamlaka ya mazingira, EPA, na mtihani wake ni uleule, uwe umesoma katika chuo kikubwa, kidogo, au umejifunza ukiwa kazini. Nilipomaliza, mwajiri hakuniuliza nina krediti ngapi, yaani vipimo vya masomo ya chuo niliyokamilisha. Aliuliza kama nina cheti hicho na kama ninaweza kusoma mchoro wa umeme. Wachomeleaji nao wako hivyohivyo: wanapimwa kwa kipande cha chuma walichounganisha mbele ya mkaguzi. Katika kazi za namna hii, ambapo kipimo kiko nje ya chuo na ngazi za juu hupandwa kwa uzoefu, chuo kidogo kinachofundisha vizuri kwa mwaka mmoja kinaweza kuwa chaguo bora hata kikiwa ghali kidogo.

Uuguzi haupandi hivyo. Kutoka LPN kwenda RN, na kutoka RN kwenda shahada ya kwanza, unapita shuleni kila mara. Kwa hiyo swali ambalo mimi sikulazimika kuliuliza, wewe huna budi kuliuliza: nikitoka hapa, nitaondoka na nini ambacho chuo kingine kitakipokea?

Jibu la 2

Ninafanya kazi katika kitengo cha kupokea wanafunzi cha chuo cha jamii, katika jimbo lingine, kwa hiyo mama, nisome ukijua niko upande gani. Ninakubaliana na mengi aliyoyasema ndugu fundi. Malalamiko yako kuhusu kuzungushwa ni ya haki, na sisi tulio ndani tunayajua: mshauri mmoja anaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, na mlango wetu uko wazi kwa kila mtu pasipo kuwa na watu wa kutosha wa kuwaelekeza walioingia.

Lakini zile takwimu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kiwango hicho cha kuhitimu huwahesabu wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na wanaosoma muda wote, ilhali sehemu kubwa ya wanafunzi wetu husoma nusu ya muda huku wakifanya kazi. Anayesoma kwetu mwaka mmoja kisha akahamia chuo kikuu cha jimbo hahesabiwi kuwa amehitimu kwetu, hata kama hilo ndilo lililokuwa lengo lake tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, vyuo vya kibiashara hutoa kwa wingi vyeti vya mwaka mmoja au pungufu, na ni rahisi zaidi kumaliza mwaka mmoja kuliko kumaliza shahada ya miaka miwili, ambayo kwa mfumo wa nyumbani ingekaribia stashahada. Wachumi David Deming, Claudia Goldin na Lawrence Katz walipowalinganisha wanafunzi wanaofanana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliona kwamba ni kweli vyuo vya kibiashara huwashikilia wanafunzi vizuri zaidi mwaka wa kwanza na kuwamalizisha kozi fupi za vyeti. Waliona pia kwamba wanafunzi hao baadaye walikuwa na madeni makubwa zaidi, na walielekea zaidi kukosa kazi na kushindwa kulipa mikopo yao. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mjadala huu hauishi.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakiumia. Ruzuku ya Pell, ambayo ni msaada wa serikali usiorudishwa, ilikuwa na kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 kwa anayesoma muda wote. Wastani wa ada ya chuo cha umma cha miaka miwili kwa mkaazi wa eneo lake ulikuwa dola 4,050 katika mwaka wa 2024 hadi 2025. Maana yake ni kwamba mtu wa kipato cha chini anayepata ruzuku kamili anaweza kulipa ada yote na bado akabakiwa na fedha za vitabu na nauli. Katika chuo binafsi ambacho programu yake ya mwaka mmoja inagharimu dola 15,000 au zaidi, ruzuku hiyohiyo inamezwa yote, na kinachobaki kinajazwa na mkopo wa serikali, ambao kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejitegemea unaweza kufika dola 9,500. Kama bado kuna pengo, chuo kitakuletea mpango wake chenyewe wa malipo au mkopo wa kampuni binafsi, na huo ndio wa kuogopa kuliko yote. Goldin, pamoja na Stephanie Cellini, walionyesha mwaka 2014 kwamba vyuo vya kibiashara vinavyostahiki misaada ya shirikisho vilitoza takribani asilimia 78 zaidi kuliko vyuo vya kibiashara vinavyofanana navyo ambavyo havistahiki. Tofauti hiyo inakaribiana na thamani ya ruzuku na nafuu ya mikopo ambayo wanafunzi wake huipata. Kwa hiyo, mama, sehemu ya bei unayoiona huenda hainunui mwalimu wala kifaa chochote.

Kuhusu krediti, usiridhike na jibu kwamba chuo kina ithibati. Uliza ni chombo gani kilichotoa ithibati hiyo. Kwa miaka mingi kulikuwa na vyombo vya kikanda, vilivyoidhinisha vyuo vya umma na vyuo vikuu vingi, na vyombo vya kitaifa, vilivyoidhinisha hasa vyuo vya kazi. Tangu mwaka 2020 wizara ya elimu haiwatenganishi tena rasmi, lakini anayeamua kupokea krediti ni chuo unachohamia, na vyuo vikuu vingi bado havipokei krediti kutoka vyuo vya kundi la pili. Zaidi ya hayo, programu nyingi za LPN huhesabiwa kwa saa za darasani na si kwa krediti, na saa hizo ni vigumu kuzihamisha popote.

Jambo moja la kukutia moyo. Mambo mazuri uliyoyaona katika chuo kidogo si mali ya vyuo binafsi. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya jiji la New York vilianzisha programu iitwayo ASAP, inayompa mwanafunzi mshauri wake maalumu, ratiba iliyopangwa, vitabu na nauli, kwa sharti la kusoma muda wote. Ilipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya walioingizwa walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Vyuo vitatu vya jamii vya jimbo lako la Ohio, ambavyo ni Cincinnati State, Cuyahoga na Lorain County, vilijaribu mfumo huohuo, na idadi ya wahitimu nako ilikaribia kuongezeka maradufu. Rudi katika chuo chako uulize kama wana programu ya aina hiyo, kwa sababu mara nyingi ipo na haitangazwi pale mapokezi.

Niwaambie pia wale mnaosoma mkiwa nyumbani na mnafikiria kuja kwa visa ya masomo: tofauti hii inawahusu zaidi ninyi. Anayekuja kusomea shahada ya miaka miwili katika chuo cha jamii kwa kawaida hupewa visa ya F-1. Programu ya ufundi, iwe katika chuo binafsi au hata cha jamii, inaweza kuwa ya M-1. Mwenye M-1 hawezi kubadili kuwa F-1 akiwa ndani ya Marekani, na ruhusa yake ya kufanya kazi ya vitendo baada ya masomo ni mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, isizidi miezi sita. Mwenye F-1 anaweza kupata hadi miezi kumi na miwili. Soma fomu yako ya I-20, ambayo chuo hukupa kwa ajili ya kuombea visa, kabla ya kulipa chochote.

Jibu la 3

Mimi nitazungumzia jambo moja tu ambalo halijaguswa, nalo ni uhai wa chuo chenyewe.

Nilikuwa katikati ya kozi ya usaidizi wa kliniki wakati chuo nilichosomea, kidogo na cha binafsi, kilipofungwa. Walimu walikuwa wema na wenye bidii hadi siku ya mwisho, na wao pia hawakujua. Wema wa walimu hauonyeshi hali ya vitabu vya hesabu vya mwenye chuo. Chuo cha jamii kinaendeshwa kwa kodi za wananchi wa eneo na fedha za jimbo. Kinaweza kupunguza kozi au kupandisha ada, lakini ni nadra sana kuamka asubuhi na kukuta milango imefungwa.

Hata vikubwa vya kibiashara huanguka. Corinthian Colleges ilifunga matawi yake ya mwisho Aprili 2015, ikawaacha takribani wanafunzi 16,000 bila darasa, na mwaka uliofuata, Septemba 2016, ITT Technical Institute ikafunga matawi yake zaidi ya 130. Juni 2022 serikali ilitangaza kufuta mikopo ya watu 560,000 waliowahi kusoma Corinthian, yenye jumla ya dola bilioni 5.8. Wengi wao walikuwa wameishi na deni hilo kwa miaka mingi kabla ya tangazo hilo.

Sheria inasema kwamba chuo kikifungwa kabla hujamaliza, nawe hukuhamishia masomo hayo kwingine ukayakamilisha, mkopo wako wa shirikisho unaweza kufutwa. Mkopo wa kampuni binafsi haumo, fedha taslimu ulizolipa hazimo, na miezi uliyoipoteza hakuna anayeirudisha. Kuna majimbo yenye mfuko wa kuwafidia wanafunzi ada zao, kama California, lakini usijenge mpango wako juu ya mfuko wa fidia. Ukiamua kwenda chuo binafsi, chukua mkopo wa shirikisho peke yake na ukatae ule mwingine, hata wakikuambia kwamba riba yake ni ndogo.

Pia tenganisha chuo binafsi cha kibiashara na chuo binafsi kisichotafuta faida, maana watu huvichanganya. Williamson College of the Trades kule Pennsylvania, kilichoanzishwa mwaka 1888, ni cha binafsi na ni kidogo, lakini wanafunzi wake hawalipi ada kabisa. North Bennet Street School ya Boston hufundisha kutengeneza fidla, kujalidi vitabu na kutengeneza samani, kazi ambazo ni vigumu sana kuzipata katika chuo cha jamii. Hivyo udogo si kosa, na ubinafsi si kosa. La kujua ni nani anamiliki chuo, na anaishi kwa fedha gani.

Muuliza swali

Ninawashukuru sana wote. Nimeuliza leo: chuo kile kidogo kinamilikiwa na kampuni, kimeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya Ohio, na ithibati yake ni ya lile kundi la pili mlilolitaja. Nilipowauliza ni chuo kikuu gani kinapokea krediti zao, nilijibiwa kwamba hilo hutegemea chuo husika, na sikutajiwa hata kimoja. Ninashukuru kwamba angalau hawakunidanganya.

Hata hivyo bado nina shida moja. Chuo cha jamii kinaniambia kwamba huenda nikasubiri mwaka au zaidi kabla ya kuingia uuguzi, na mwaka mmoja wa mshahara wa LPN ni fedha nyingi kwa familia kama yangu. Je, kuharakisha si jambo lenye thamani yake?

Jibu la 4

Mdogo wangu, pole kwa zamu za usiku na hongera kwa kuuliza kabla ya kutia saini. Mimi ni RN na nilianza kama LPN kutoka chuo kidogo binafsi, hapahapa Ohio.

Ndiyo, kuharakisha kuna thamani. Mshahara wa LPN unaoupata mwaka mmoja mapema ni fedha halisi, na wasiokuwa na kodi ya nyumba ya kulipa ndio husahau hilo. Lakini thamani hiyo ipo kwa sharti kwamba utafaulu mtihani wa leseni. Mwenye cheti cha LPN asiyefaulu mtihani huo, uitwao NCLEX, hana kazi ya LPN. Anarudi kwenye kazi uliyonayo sasa, safari hii akiwa na deni. Kwa hiyo namba ya kwanza kuitafuta ni kiwango cha wanaofaulu NCLEX kwa jaribio la kwanza katika programu hiyo. Bodi ya Uuguzi ya Ohio hutoa namba hizo hadharani kwa kila programu, mwaka kwa mwaka. Usiangalie mwaka mmoja, kwa sababu katika darasa dogo wanafunzi wawili tu wakifeli asilimia inashuka sana. Angalia miaka minne au mitano mfululizo. Angalia pia kama programu ina idhini kamili au idhini ya muda tu (provisional), maana bodi huzishusha hadi idhini hiyo zile ambazo matokeo yake yamekuwa duni kwa miaka kadhaa. Na hakikisha unasoma orodha ya bodi yenyewe, si karatasi ya chuo. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifichua biashara ya zaidi ya vyeti 7,600 bandia vya uuguzi vilivyouzwa kupitia shule kadhaa za Florida, na waliokuwa wamevinunua wakaanza kupoteza leseni zao katika majimbo mbalimbali.

Pili, kuhusu kupanda kutoka LPN kwenda RN, nataka kuongezea waliyosema wenzangu kwa sababu hapa mambo si meusi na meupe. Krediti zangu za chuo kile hazikupokelewa hata moja. Kilichonivusha ni leseni. Vyuo vya jamii vingi vina programu ya daraja, yaani ya kumvusha LPN hadi RN, na kinachotakiwa ni leseni hai isiyo na doa, pamoja na masomo ya msingi: anatomia na fiziolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, na mara nyingine takwimu. Leseni inatolewa na jimbo na ni ileile kwa kila mtu, kwa hiyo katika hatua hiyo sikuulizwa nilikosomea. Masomo ya msingi ndiyo niliyolazimika kuyaanza upya, na nilipoyalipia kwa mara ya pili ndipo nilipoelewa bei halisi ya njia niliyopita. Si vyuo vyote vinavyofanya hivyo, basi piga simu kwenye programu ya daraja ya chuo chako cha jamii, utaje jina la chuo kidogo, na uwaulize waziwazi kama wanampokea LPN aliyetoka huko. Omba wakuandikie kwa barua pepe.

Tatu, kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja, nami nashangaa, kwa sababu Ohio ina bahati nayo. Kuna vituo vya umma vya mafunzo ya watu wazima vinavyoitwa Ohio Technical Centers, vilivyoenea katika jimbo zima, na vingi vyake hufundisha LPN. Ni vya umma, ni vidogo, ratiba yao imepangwa tangu mwanzo kama ya chuo binafsi, na kozi ni ya takribani mwaka mmoja. Ada yao kwa kawaida huwa juu ya chuo cha jamii na chini ya chuo cha kibiashara. Tennessee nako wana vyuo vya namna hiyo, maarufu kwa jina la TCAT, ambavyo kwa muda mrefu vimesifiwa kwa idadi kubwa ya wanafunzi wanaomaliza. Wewe ulikuwa ukilinganisha udogo wa binafsi na ukubwa wa umma, kumbe upo pia udogo wa umma. Ningekuwa mahali pako ningeanzia huko.

Wakati unasubiri nafasi popote pale, usikae bure. Chukua anatomia na uandishi wa Kiingereza katika chuo cha jamii, somo moja kwa muhula kama zamu zako haziruhusu zaidi. Masomo hayo utayahitaji kwa RN kwa vyovyote, yanapokelewa karibu kila mahali, na yatakuonyesha mapema kama Kiingereza cha kitabibu kinakusumbua, jambo ambalo ni heri kuligundua katika somo la dola mia chache kuliko katikati ya programu ya maelfu. Anza pia na mwajiri wako wa sasa. Nyumba za wazee zina uhaba mkubwa wa wauguzi na baadhi hulipia masomo ya wafanyakazi wao. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Soma tu masharti ya muda utakaolazimika kuwafanyia kazi baadaye.

Kuhusu simu za kukuhimiza: waambie wakutumie mkataba wa kujiunga pamoja na utaratibu wao wa kurudisha ada, uusome nyumbani na mwenzako. Tafuta kifungu kinachosema utarudishiwa kiasi gani ukiacha baada ya wiki ya pili, baada ya mwezi, na baada ya nusu ya programu, na kingine kinachosema nani anakutafutia hospitali ya mafunzo ya vitendo, kwa sababu kuna vyuo vidogo ambavyo hupata nafasi hizo kwa shida na wanafunzi wakachelewa kumaliza. Kama hawataki mkataba utoke ofisini kabla hujatia saini, usirudi.

Muuliza swali

Dada mkubwa, nimekuelewa, na Mungu akubariki. Kituo cha umma cha mafunzo ya watu wazima kipo katika kaunti jirani, nami sikuwahi kukisikia. Wanapokea maombi ya LPN kwa darasa lijalo na wamenialika nikaone darasa lao. Matokeo yao ya NCLEX nimeshayapata katika orodha ya bodi kwa miaka mitano, na ni mazuri kuliko ya chuo kile kidogo katika kila mwaka isipokuwa mmoja. Leo nimejiandikisha pia kwa mtihani wa kupimwa Kiingereza katika chuo cha jamii, ili nianze na somo la uandishi muhula ujao. Kama kuna aliyesoma LPN katika mojawapo ya vituo hivyo vya Ohio kisha akapitia programu ya daraja, ningependa sana kusikia ilimchukua muda gani na ni masomo gani yalikubaliwa.